Mama mdogo ni dada yetu, na kitabu nimeshakiandika

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja hapa Mbeya, wa pili kati ya mabinti watatu. Dada mkubwa yuko Mafinga, anafanya biashara ya mbao. Mdogo wetu ni muuguzi Dodoma. Baba alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, amefariki miaka mingi sasa. Mama ni Mbena, kwao ni nje kidogo ya Makambako, na anaishi Isanga kwenye nyumba waliyoijenga yeye na baba.

Mama yetu si mtu wa kukumbatia. Sikumbuki kukaa mapajani kwake. Alitulisha, alitusomesha, sare zetu alizipiga pasi ya mkaa mwenyewe hata tulipokuwa na msichana wa kazi, lakini neno tamu hatukulisikia. Nilipopata daraja la kwanza kidato cha nne nilikimbia na matokeo kutoka Mwanjelwa hadi nyumbani. Aliipokea karatasi, akaisoma yote mpaka chini, akanirudishia, akachukua jembe akaenda kupalilia mahindi nyuma ya nyumba. Baba ndiye aliyechinja kuku. Nikiwa kidato cha pili alinikuta pale Kabwe nimesimama na mvulana tunacheka. Hakunipiga, ila hakusema nami mpaka likizo ikaisha. Na kila shule ilipofunguliwa alitusindikiza mwenyewe hadi mlangoni mwa bweni, akamvuta matroni pembeni wakanong'ona. Wenzetu walitucheka sana kwa hilo.

Mwaka huu aliteleza bafuni akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji katika hospitali moja hapa mjini. Mimi nilikuwa Dar es Salaam kwenye usahihishaji wa mitihani. Aliyefika wa kwanza ni mama mdogo Rehema (si jina lake), alidandia basi la usiku kutoka Makambako. Nilipofika na kumuuliza nesi kama kuna karatasi za kusaini, akaniambia, "Mtoto wake mkubwa ameshasaini." Nilijua amechanganya, maana dada alikuwa bado yuko njiani.

Mama mdogo Rehema ni kitinda mimba wa bibi. Anauza viazi na maharage sokoni Makambako. Mama, ambaye kwetu alikuwa mkavu, kwake mkono ulikuwa wazi: gunia la mchele wa Mbarali kila Krismasi, ada za watoto, mabati alipojenga. Dada alikuwa akinung'unika waziwazi kwamba watoto wa mama mdogo wanapendwa kuliko sisi.

Mama alipotoka hospitali alikuja kukaa kwangu, na sisi watatu tukaenda Isanga kutafuta hati ya kiwanja na kadi yake ya bima. Uvunguni kuna sanduku la bati, yale ya kwendea bweni, limeandikwa jina lake la usichana kwa rangi nyeupe. Ndani tulikuta vitenge, cheti cha ndoa, hati tuliyoitafuta, na bahasha ya kaki. Kwenye bahasha kulikuwa na vitu viwili. Cha kwanza ni barua ya mwaka 1973, imepigwa taipu, kutoka shule moja ya sekondari ya wasichana mkoani Iringa. Inamwarifu babu kwamba binti yake ameondolewa shuleni kwa sababu ya ujauzito, aje amchukue pamoja na vitu vyake. Shangazi, mama siku zote alituambia aliishia darasa la saba. Cha pili ni kadi ya kliniki ya zahanati ya misheni. Jina la mtoto: Rehema. Jina la mama: la mama yetu. Jina la baba: mstari mtupu. Tarehe za kupimwa uzito zimejazwa kwa wino, zinaanza 1974, zinakwenda miezi kadhaa, kisha zinakoma. Nyuma ya kadi, kwa penseli, kwa mwandiko wa mama ambao siwezi kuukosea, kuna maneno mawili: "Jino. Jumapili."

Mdogo wetu alianza kulia palepale. Dada akarudisha kila kitu kwenye bahasha akasema, tumeyakuta hapa na tunayaacha hapa.

Mimi nilikwenda Makambako kwa mjomba. Sikumuuliza moja kwa moja, nilimchokoza kwa habari za zamani. Alinyamaza weee, halafu akasema kulikuwa na kijana karani kwenye kambi ya ujenzi wa reli ya TAZARA, mtu wa mbali, na reli ilipoondoka naye akaondoka. Akaongeza: "Mama yako alikuwa na kichwa kuliko sisi wote. Achana na hayo."

Sikuachana nayo. Nimeandika riwaya. Nimeiandika usiku, mama amelala chumba cha pili. Majina yote nimebadilisha, nimehamishia mambo Songea, karani wa reli nimemfanya dereva wa lori. Lakini barua imo, kadi imo, na lile jino limo. Naamini ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kuandika, na nataka kuipeleka kwenye Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Nilimtumia mdogo wangu, akalia, akaipenda, akampelekea dada kwenye simu. Dada akanipigia usiku uleule: "Umemvua mama nguo." Akasema pia jambo ambalo nadhani ndilo linalomkosesha usingizi, kwamba nikifukua haya, kesho Rehema atadai nyumba ya Isanga. Tangu siku hiyo hatuongei. Mdogo wetu anataka twende Makambako tumwambie mama mdogo, kwa kuwa ni haki yake. Mimi nataka nimuulize mama, ila nikimtazama usoni ulimi unakuwa mzito.

Je, nikishabadilisha majina si inatosha? Nani aanze kuambiwa? Na nikimuuliza mama akakana, nifanyeje?

Mwalimu, Mbeya

*

Marahaba mwanangu. Kamwene. Pole ya mama, nyonga kwa umri wake si jambo la mchezo, na hongera ya kumkalisha kwako.

Kuna mahali kwenye barua yako umepita mbio, mimi pamenisimamisha. Nesi alikuambia mtoto mkubwa wa mgonjwa ameshasaini, ukaona amechanganya, ukaendelea na habari. Lakini fomu ya ridhaa ya upasuaji haisainiwi hivi hivi. Anayesaini anaandika jina lake, na anaandika ni nani kwa mgonjwa. Aliyekuwa pale usiku ule ni mmoja tu, Rehema. Inawezekana kabisa nesi aliona mwanamke wa makamo ameshika mkono wa mgonjwa akakisia. Inawezekana pia kwamba Rehema aliulizwa, "Wewe ni nani wake?" akajibu kweli, kwa sababu mama yupo kwenye machela na usiku huo hapakuwa na mtu wa kumficha.

Nisikilize vizuri hapo. Mnagombana ninyi watatu juu ya nani akamwambie Rehema, kana kwamba Rehema ni mtoto mchanga wa kwenye ile kadi. Rehema ana miaka hamsini na ushee. Amekulia kijijini, kwenye misiba na harusi za ukoo wenu, ambako wazee wakishapata ulanzi kidogo hakuna kinachobaki chini ya kapeti. Amepokea ada na mabati kutoka kwa "dada" aliyemzidi umri kama mama anavyomzidi mwanawe. Usinihakikishie kwamba hajui. Mimi naona kuna uwezekano mkubwa kwamba yeye na mama yenu wanajua, kila mmoja anajua kwamba mwenzake anajua, na wameishi hivyo miaka yote bila kulitamka, kila mmoja akimtunzia mwenzake heshima. Na huenda wasiojua kitu ukoo mzima walikuwa ninyi watatu.

Kwa hiyo wazo la mdogo wako la kwenda Makambako lifute. Kama Rehema anajua, mtakuwa mmekwenda kumweleza mwanamke mzima habari za tumbo lililomzaa, tena pale kwenye meza yake ya viazi. Kama hajui, basi ataisikia kwa midomo isiyo yake. Kuna mtu mmoja tu duniani mwenye ruhusa ya kumwambia Rehema "mimi ndiye mama yako", naye yuko kwenye chumba cha pili nyumbani kwako, na nyonga yake inauma.

Sasa niseme kidogo juu ya 1973, kwa sababu wewe unafundisha watoto wa shule za kata na huenda huoni barua ile ilikuwa na uzito gani. Sekondari zilikuwa chache. Mtoto hakujiamulia kwenda, alichaguliwa na Serikali, na shule ya kijijini ingeweza kupitisha mwaka bila kuchaguliwa mtoto hata mmoja. Msichana wa nje ya Makambako akichaguliwa, kijiji kizima kilijua. Lile sanduku la bati alinunuliwa kwa fedha ya mahindi au ya ng'ombe, na jina likaandikwa kwa rangi ili lisipotee kwenye basi. Halafu siku moja baba yake anapata karatasi yenye mhuri, aje amchukue. Hapakuwa na kurudi. Msichana aliyepata mimba alitoka, na mlango ukafungwa nyuma yake. Wewe mwenyewe kama mwalimu umefanya kazi chini ya utaratibu huo. Ni Novemba 2021 ndipo Serikali ilipotangaza kwamba wanafunzi waliokatisha masomo kwa ujauzito waruhusiwe kurudi katika shule za kawaida, na Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo ukaweka jambo hilo kwa maandishi. Kwa mama yako ilikuwa imechelewa miaka 48. Hebu jaribu kukumbuka, habari ile ilipotangazwa redioni mama alikuwa wapi, na alifanya nini? Alizima? Alitoka nje? Au alisikiliza mpaka mwisho kama alivyosoma ile karatasi yako ya matokeo?

Na huyo karani. Sina neno zuri la kumwambia, lakini mazingira yake nayafahamu. Reli ya TAZARA ilijengwa kuanzia 1970, ikakamilika 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi kule Zambia. Kipande cha Mlimba kupanda hadi Makambako ndicho kilichowatoa watu jasho, mahandaki na madaraja juu ya mabonde, hivyo kambi huko zilijaa vijana wenye mshahara, kofia na vitabu vya mahesabu. Lakini kambi ya reli haina makazi. Mataruma yakishalazwa, watu wanafunga mizigo wanasogea mbele, na 1973 reli ilikuwa imeshapita Mbeya ikafika mpakani Tunduma. Mjomba wako alisema vizuri kuliko wewe kwenye riwaya yako, kwamba reli ilipoondoka naye akaondoka. Dereva wa lori angeweza kurudi wiki inayofuata kama angetaka. Nitalirudia hili nikifika kwenye kitabu.

Mtoto akazaliwa. Miaka hiyohiyo ndiyo ya Operesheni Vijiji, watu wanatolewa kwenye mji wa babu zao wanahamishiwa kijiji kipya, majirani wapya, balozi mpya. Sisemi ndivyo ilivyokuwa kwenu, mjomba ndiye anayejua, lakini familia iliyohama katika vurugu ile, bibi akiwa na mtoto mgongoni, nani angeanza kuuliza mtoto ni wa tumbo la nani? Miezi kadhaa baadaye tarehe kwenye kadi zinakoma. Kliniki iliendelea nadhani, ila aliyekuwa akiitunza kadi aliondoka nayo. Msichana aliyefukuzwa shule alitafutiwa maisha mahali pengine, akaja kuolewa na Mnyakyusa wa Tukuyu, na kadi akaiweka kwenye sanduku lilelile aliloendea shule. Hakuichoma, ingawa kuichoma kulikuwa rahisi kuliko kuificha.

Sasa rudi kwenye malalamiko yako. Mama aliyemvuta matroni pembeni kila muhula, unadhani walinong'ona nini? Mvulana wa Kabwe mliyekuwa mnacheka naye, mama hakumwona yeye, alimwona karani. Na ile karatasi ya daraja la kwanza, hilo lilikuwa jambo lililomzidi kimo. Alikwenda kupalilia kwa sababu kwenye mahindi hakuna anayekutazama usoni.

Ila usiigeuze siri hii kuwa jibu la kila kitu, na hapa nazungumza nawe kama mtoto, siyo kama mwandishi. Wako wanawake waliopitia hayohayo na wakakumbatia watoto wao mpaka wakawachosha. Ninyi mlikosa kitu, na kukosa kwenu hakufutiki kwa kuwa sasa mmepata sababu. Dada yako alinung'unikia mabati ya Rehema akiwa msichana mdogo anayetaka kutazamwa na mama yake. Usimcheke kwa hilo. Hasira yake juu ya nyumba ya Isanga ina mizizi huko, siyo kwenye tofali.

Kumuuliza mama ni wewe, na uende peke yako. Mkienda watatu mnakuwa mmemkalia kikao, na mama huyu alishakaliwa kikao akiwa bado msichana wa shule. Usimtume mjomba. Katika mila zetu ni kweli mambo mazito hupelekwa na mjomba au shangazi, lakini mjomba wako alishakupa msimamo wake na ataupeleka huohuo. Usibebe kadi. Tafuta wakati mna kazi ya mikono, chagua maharage naye, yeye amekaa kwenye kiti chake na ungo mapajani, macho yote mawili yapo kwenye mawe na mapumba. Mwambie maneno machache, kwa mfano: "Mama, siku ile tulipotafuta hati tulifungua bahasha ya kaki. Tumeirudisha mahali pake. Utusamehe kwa kuifungua. Sikuulizi kitu. Ukitaka kuniambia lolote nipo, na usipotaka ni sawa." Kisha endelea na maharage. Usilie kabla yake. Usimwambie unamwelewa, humwelewi bado. Na kwa jina la Mungu usitaje riwaya siku hiyo.

Anaweza kukaa kimya siku nyingi halafu akaja kukuuliza kitu cha ajabu, kama vile sanduku lilifungwa vizuri, au kama panya hawajaingia. Huo ndio mlango. Mjibu kuhusu panya.

Tukija kwenye kitabu, swali lako la kwanza jibu lake ni hapana, kubadilisha majina hakutoshi. Sheria siyo ninayoitazama hapa, natazama ukoo. Mswada unaoshinda tuzo ile unachapishwa na kupelekwa mashuleni, ndivyo ulivyo utaratibu wake, na wewe kama mwalimu ndilo unaloliombea. Umeshawaza watoto wa Rehema wakikifungua darasani au wajukuu wakiletewa kama kitabu cha kusoma? Dereva wa Songea hatamdanganya mtu wa Makambako hata kwa kurasa tatu. Halafu kuna msomaji unayemsahau kabisa. Mama yako anasoma, tena anasoma mpaka chini. Siku moja miwani itakuwa puani, kitabu chenye jina la binti yake kitakuwa mkononi, na atafika kwenye ukurasa wa jino. Unataka ajue kwa njia hiyo kwamba sanduku lilifunguliwa?

Nafahamu utaniambia fasihi yetu imejengwa na watu walioandika yaliyofichwa. Kweli, na sikuzuii. Nasema umeandika mapema, na hata kazi yenyewe inakuonyesha hivyo. Umehamia Songea, ambako reli haifiki, kwa sababu ya kuogopa. Umemweka dereva kwa sababu karani ungehitaji kumjua: alikuwa wa wapi, alivaaje, alimwambia nini msichana wa sekondari akiwa likizo, na mama aliambiwa nini bwenini siku barua ilipoandikwa. Hayo yote yanajulikana na mtu mmoja. Siku mama akikupa idhini, ukaketi naye, utarudisha hadithi yako Makambako kwenye baridi yake na reli yake, na kile ulichonacho sasa hivi utakiona ni rasimu. Na asipokupa idhini, una haki ya kuandika habari za msichana anayerudishwa nyumbani na sanduku lake, maana huyo si mama yako peke yake, unao darasani kwako na huko nyuma walikuwepo tele Nyanda za Juu Kusini. Ila mbunie kila kitu upya. Yale maneno mawili ya penseli yatoe, hayo si yako, hata mwandiko si wako.

Mwaka huu usipeleke. Tuzo ile hutolewa kila mwaka, mwezi wa Aprili aliozaliwa Mwalimu, nayo haikimbii. Mswada ukilala mwaka mmoja haumuumizi mtu.

Kuhusu nyumba nisipoteze muda. Mama yu hai, nyumba bado ina mwenyewe, na ni aibu kuigawa naye akiwa anajifunza kutembea. Akitaka kuandika wosia, RITA, wakala wa Serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanaandaa na kutunza wosia. Asipoandika, siku ya kikao cha ukoo mtatakiwa kuorodhesha warithi kabla ya kwenda Mahakama ya Mwanzo kuthibitisha msimamizi wa mirathi, na kumwacha nje ya orodha mtoto aliyemzaa huku mkijua ni kujichongea kesi. Hilo dada yako alijue mapema. Na kama mirathi ya baba yenu haijawahi kufunguliwa, jambo ambalo nalihisi kwa jinsi mlivyokuwa mnaitafuta hati uvunguni, basi sehemu ya baba kwenye nyumba ile ni suala la pekee, Rehema hahusiki nalo. Mwoneni mwanasheria au msaidizi wa kisheria awape mwongozo.

Swali lako la mwisho, akikana. Anaweza kukana, tena kwa ukali, kwamba kadi ni ya mtoto wa jirani, kwamba barua ni ya msichana mwingine mwenye jina kama lake. Mwitikie "sawa mama". Usimletee ushahidi. Usirudie wiki hiyo wala mwezi huo. Amelibeba hili peke yake tangu kabla hujazaliwa, hatalitua kwa kuwa wewe una tarehe ya mwisho ya kupokea miswada. Asipolitua kabisa, ninyi watatu mtaendelea kumwita Rehema mama mdogo kama kawaida, mtampigia simu mara nyingi zaidi ya mnavyompigia sasa, na mtaona wenyewe kama naye anaanza kupiga.

Kabla ya maharage lakini, mpigie dada yako. Mwambie faili la riwaya alifute kwenye simu yake, na mdogo wenu vilevile, na wasilisambaze kwa mtu, wala lisiingie kwenye kundi la WhatsApp la familia. Mwambie hulipeleki mwaka huu. Na umwambie kwamba mama akishaweza kupanda gari, mwezi unaofuata anakwenda kukaa Mafinga, zamu ni yake.

Shangazi